Ziko Tayari kwa Lipi? Mjadala wa Bariadi kuhusu ofisi za umma na usimamizi wa ubora

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012, sambamba na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, na Busega ikachukuliwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Mwaka huohuo sensa ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huu mpya. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Kwa miaka kumi, watu zaidi ya nusu milioni wameongezeka kwenye foleni za ofisi ambazo zenyewe zilikuwa bado zinatafuta majengo, samani na watumishi.

Serikali inapozitaka ofisi za namna hii zitumie mbinu za usimamizi wa ubora, iwe Kaizen, S Tano au kiwango cha ISO 9001, swali la kwanza huwa ni kama ziko tayari. Jibu hutegemea aliyeulizwa amesimama upande gani wa dirisha. Mjadala ufuatao umetungwa, na wazungumzaji wake hawana majina kwa kuwa hoja zao ni za wengi. Yupo Afisa Utumishi wa halmashauri, Muuguzi Mfawidhi wa kituo cha afya, Mtendaji wa Kata, na Mkulima wa pamba kutoka Itilima, mzee aliyezifahamu ofisi tangu zilipokuwa Shinyanga. Mwongozaji ni mwandishi wa makala haya.

MWONGOZAJI: Afisa, nyaraka za Utumishi na TAMISEMI zinafikia mezani kwako. Halmashauri iko tayari?

AFISA UTUMISHI: Kwanza shikamoo, mzee wetu.

MKULIMA: Marahaba, mwanangu.

AFISA UTUMISHI: Tuko tayari, na sisemi kwa kujipendekeza. Angalieni tulikotoka. Programu ya Maboresho katika Utumishi wa Umma ilianza mwaka 2000, na kutokana nayo tukapata mikataba ya huduma kwa mteja. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, OPRAS. Mwaka wa fedha 2023/24 tukaiaga OPRAS na makaratasi yake, tukaingia PEPMIS: mtumishi anaweka majukumu yake kwenye mfumo na msimamizi wake anayaona. Malipo yanapita MUSE, manunuzi yanapita NeST, leseni na ushuru vinapita TAUSI. Miaka ishirini iliyopita yote haya yalikuwa majalada ya masijala. Msingi upo.

MKULIMA: Umetaja mifumo mingi, mwanangu, na mimi hujanitaja. Nikija ofisini siioni MUSE wala hiyo NeST. Naona dirisha. Dirishani naambiwa mtandao unasumbua, au mwenye muhuri yuko kikaoni, au jalada halionekani, njoo kesho. Kuja Bariadi na kurudi ni nauli ya bodaboda, na siku ya palizi imeshakwenda. Hiyo siku yangu mmeiandika kwenye mfumo gani?

AFISA UTUMISHI: Mzee wangu, mkataba wa huduma kwa mteja umetaja muda wa kila huduma. Upo, umebandikwa ukutani.

MKULIMA: Umetaja mtakachofanya. Mimi nimeuliza mlichofanya.

MWONGOZAJI: Mama Mfawidhi, sekta yako ilianza mambo haya mapema kuliko wengine. Mnaonaje?

MUUGUZI: Mimi niko katikati yao. Mwaka 2007 JICA, shirika la misaada la Japani, ilianza kuwakutanisha watumishi wa afya wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na uzoefu wa hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Wale walizichukua mbinu za viwanda vya Japani wakazipeleka wodini. Kwetu Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya mfano, kisha S Tano zikasambaa: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nakwambia kwa uzoefu wa stoo ya dawa, S tatu za mwanzo ni kazi ya wiki moja. Unatoa visivyohitajika, unapanga rafu, unabandika majina, dawa inayokaribia kuisha muda inakaa mbele. Muuguzi wa zamu ya usiku hamwamshi mtu kuuliza sindano ziko wapi. Faida inaonekana kwa macho, na wala hatukusubiri mfadhili.

MWONGOZAJI: Na S mbili za mwisho?

MUUGUZI: Hapo ndipo tunapoangukia. Kusanifisha ni kukubaliana kwa maandishi kwamba kazi hii inafanywa hivi, na kila anayeingia zamu anaifanya hivyo. Kushikilia ni kurudi kukagua mwezi hadi mwezi. Sasa mfawidhi akihamishwa, anayekuja anakuta rafu zimepangwa ila hajui kwa nini zilipangwa vile. Haupiti muda, katoni zimerudi sakafuni. Ila mafunzo yalishahesabiwa, washiriki walishasaini posho, na ripoti ilishaandikwa kwamba kituo kimepokea S Tano. Anayepima utayari kwa orodha ya mahudhurio atanipa alama za juu siku ambayo stoo yangu imevurugika.

MTENDAJI WA KATA: Afadhali wewe, dada, una stoo. Ofisi yangu ni chumba kimoja. Simu ni yangu, bando ni langu, taarifa natuma kwa WhatsApp. Mgogoro wa mpaka, mwanafunzi mtoro, ng'ombe walioingia shambani kwa mtu, mchango wa darasa, vyote vinapita kwangu. Halafu aje mtu na dodoso aniulize kama nina sera ya ubora iliyoandikwa! Tupeni kwanza umeme, kabati na karani, ndipo mtupime.

MUUGUZI: Mdogo wangu, kuna jambo lilifanyika ofisini kwako na kwangu umelisahau. Mwaka 2012, Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa walikuwa kama asilimia 13 tu. Mzazi alitakiwa kwenda kwa msajili wilayani, alipe ada, aondoke, kisha arudi kuchukua cheti. RITA, wakala wa usajili wa Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikaihamisha kazi hiyo. Cheti kinaandikwa kwa mkono kwenye zahanati, kituo cha afya au ofisi ya kata, bila malipo, na taarifa za mtoto zinatumwa kwa simu ya mkononi. Simiyu nasi tuliingia katika mpango huo. Wewe hukuongezewa karani wala kujengewa ofisi mpya. Kilichobadilika ni njia inayopita karatasi.

MTENDAJI WA KATA: Hilo nakubali, na akina mama walishukuru. Lakini tazama aliyebadilisha ni nani. Makao makuu. Mimi leo nikigundua kwamba mtu mmoja, kwa shida moja, anaandikiwa barua ya utambulisho mara tatu na ofisi tatu, sina mamlaka ya kufuta hata moja. Naandika barua, inapita kwa huyu na kwa yule, na jibu likija linamkuta mtendaji mwingine. Mnanipima utayari wa kuboresha kitu nisichoruhusiwa kukigusa.

AFISA UTUMISHI: Kaka, utaratibu una sababu zake. Kila mtendaji akifuta anachoona hakifai, tutakuwa na serikali nyingi kuliko kata.

MTENDAJI WA KATA: Sikuomba kuifuta sheria, mkuu. Naomba nikileta ushahidi kwamba hatua fulani haina kazi, nijibiwe ndani ya mwezi. Hata jibu la hapana, mradi lije na sababu.

MWONGOZAJI: Tuweke hapo alama ya kwanza. Vifaa vina uzito wake, lakini ofisi yenye kompyuta nyingi na isiyoweza kubadili hatua hata moja itabaki ilivyo, ila itakuwa inachelewesha watu kwa kasi ya intaneti. Tuje kwenye kupima kwenyewe. Afisa anaamini katika tathmini. Mama, nyinyi mmekwishapimwa nchi nzima.

MUUGUZI: Kwa nyota. Ilikuwa chini ya Matokeo Makubwa Sasa, mpango ambao Serikali iliuiga kutoka Malaysia mwaka 2013. Katika duru ya 2015/16 vituo vya ngazi ya msingi, karibu 7,000, vilipimwa kuanzia sifuri hadi nyota tano. Zaidi ya theluthi moja havikuambulia nyota hata moja, na vilivyofika nyota tatu vilikuwa takriban viwili katika kila mia. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 2018 asilimia 80 viwe na nyota tatu au zaidi. Duru ya 2017/18 ilipokamilika, vilivyofika vilikuwa kama moja ya tano.

MKULIMA: Kwa hiyo mlishindwa.

MUUGUZI: Kwa lengo tulishindwa, mzee. Lakini visivyo na nyota kabisa vilipungua mno, vikawa vichache. Kwa maoni yangu kulikuwa na sababu mbili. Wapimaji hawakuchukua fomu wakaondoka. Walikaa nasi wakatuonyesha tulipoangukia, na mpango wa uboreshaji ukaandikwa na sisi wenyewe tukiwepo. Pili, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya malipo kwa matokeo. Kituo kilihitaji angalau nyota moja ili kiingie, kisha kililipwa kwa huduma zilizohakikiwa. Nyota ikawa na maana kwa mganga, kwa muuguzi na kwa akaunti ya kituo.

MKULIMA: Sasa umeongea kitu ninachokijua. Pamba ina madaraja mawili, safi na fifi. Enzi za ushirika tuliketi barazani na mama watoto na watoto tukichambua, safi huku, fifi kule, kwa sababu bei hazikuwa sawa na iliyochanganywa ilikataliwa. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi wakaja wengi, kila mmoja akikimbilia kilo kabla hazijachukuliwa na mwenzake. Wakanunua yote kwa bei moja. Nani angeendelea kuchambua? Wengine wakamwagia maji, wengine wakatia mchanga ili mzigo uwe mzito. Hakuna Msukuma aliyesahau pamba safi inafananaje. Tulijua, ila kujua hakukulipa. Ofisi zenu nazo zinapima kilo: mafunzo mangapi, vikao vingapi, taarifa ngapi. Anayenimalizia shida yangu kwa dakika kumi na anayenirudisha mara tatu wana mshahara mmoja. Huyo wa kwanza anachambua kwa faida ya nani?

AFISA UTUMISHI: Mzee, hapo umenigusa penyewe. OPRAS ilikusudiwa hasa kuwatofautisha hao wawili. Ikaishia kuwa fomu ya kujazwa mwisho wa mwaka ili jalada la kupandishwa cheo litimie. Bosi na mtumishi walitakiwa kuketi pamoja na kukubaliana malengo. Mara nyingi waliishia kukubaliana saini. PEPMIS nayo itakwenda njia hiyohiyo ikiwa anayejaza ameshajua kwamba hakuna anayesoma.

MWONGOZAJI: Nikuulize basi kuhusu kusoma. Shirika la Kimataifa la Viwango lina mwongozo wa kutumia ISO 9001 katika serikali za mitaa. Unaitwa ISO 18091, ulitolewa 2014 na kurejewa 2019. Ndani yake kuna utaratibu wa kujipima kwa rangi: nyekundu, njano na kijani. Ukiupeleka leo kwa wakuu wa idara, wangapi watajipaka nyekundu?

AFISA UTUMISHI: Hakuna.

MWONGOZAJI: Kwa nini?

AFISA UTUMISHI: Kwa sababu nyekundu itasomwa kikaoni mbele ya watu. Sisi tumeishi kipindi cha kutumbuliwa. Tangu mwishoni mwa 2015 tumeona watumishi wakisimamishwa kazi jukwaani, kamera zikiwaelekea, uchunguzi ukifuata baadaye. Wapo waliostahili, sibishi. Lakini somo alilolipata mtumishi wa kawaida ni kwamba tatizo likionekana lazima lipatiwe mwenyewe, na huyo mwenyewe anaondoka nalo. Tangu hapo taarifa zetu zimekuwa nzuri mno. Paa linavuja, taarifa inasema hali ni shwari.

MKULIMA: Mficha uchi hazai.

MUUGUZI: Wodini ni vilevile. Dawa ikikosewa na kosa likagunduliwa kabla halijamfikia mgonjwa, hiyo ni taarifa yenye thamani kuliko semina, maana inaonyesha tundu liko wapi. Pengine chupa mbili zinafanana, pengine mwandiko hausomeki, pengine zamu ilikuwa na mtu mmoja. Lakini aiandike nani, kama kesho yake anaitwa atoe maelezo kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu? Anayekaa kimya hapati barua.

MWONGOZAJI: W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani mwaka 1950, na ambaye tuzo ya ubora ya Wajapani imebeba jina lake tangu 1951, aliweka kuondoa woga kazini miongoni mwa kanuni zake 14. Hakuwa anahubiri upole. Mbinu zake zote zilitegemea namba, na mtu mwenye woga hukupa namba unazozipenda.

AFISA UTUMISHI: Nakubali, lakini msiniachie hapo. Mimi ndiye ninayeandaa mashauri ya nidhamu, naona na upande wa pili. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa nchi nzima mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, zilikuwa zimeeleza marejesho mabovu na vikundi hewa. Niambieni, pale woga ulizidi? Pale woga ulipungua. Ukimwambia kila mtu asiogope, mwizi ndiye wa kwanza kushangilia.

MTENDAJI WA KATA: Mkuu, hapo naomba nikupinge. Ngazi ya kata mtu anajua kikundi kipi kina watu na kipi kina majina tu. Sasa fikiria aliyejua akasema. Anaambiwa ni mchonganishi, ana chuki na mheshimiwa, anakwamisha mradi. Kwa hiyo woga ulikuwepo, tena mwingi. Uliwakaa waliojua, na aliyechukua fedha akalala usingizi.

MWONGOZAJI: Basi tofauti ni hiyo. Kosa la kazi na wizi havipaswi kuingia mlango mmoja. Ofisi isiyo na mlango wa kosa la kazi inamlazimisha mtumishi mwaminifu ajifiche pamoja na mwizi, na mkaguzi akija anawakuta wote wawili wamekaa kimya.

AFISA UTUMISHI: Hiyo naweza kuipeleka kikaoni. Lakini tusisahau uongozi. Kila kitabu cha ubora kinasema kiongozi wa juu akiamua, mambo yanakwenda.

MWONGOZAJI: Simiyu ina mfano wake. Kati ya 2016 na 2021 Mkuu wa Mkoa alikuwa Anthony Mtaka. Mkoa ukashika mkakati wa Wilaya Moja Bidhaa Moja, Maswa kwa chaki, Meatu kwa maziwa. Zikawekwa kambi za kitaaluma kwa wanafunzi wa madarasa ya mitihani. Maonesho ya Nane Nane kitaifa yakafanyika Nyakabindi, hapa Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020. Mwaka 2021 akahamishiwa Dodoma, na kati ya mwaka huo na 2024 kiti hicho kikapata wakuu wapya watatu. Je, ari ya kiongozi ni utayari wa ofisi?

MTENDAJI WA KATA: Kila kiongozi mpya ana kaulimbiu yake. Huku chini tumejifunza kuipokea, kuiimba, na kusubiri inayofuata.

AFISA UTUMISHI: Hilo si kosa la viongozi. Uhamisho ni sehemu ya utumishi.

MUUGUZI: Ndiyo sababu kaka yangu nasema usipime ari. Nenda kwenye ofisi ambayo mkuu wake amehama, omba uonyeshwe utaratibu mmoja aliouacha, kisha kaa uone kama unafuatwa. Ukifuatwa na watu ambao hawakumjua, ofisi hiyo ina kitu. Usipofuatwa, kilichokuwepo kilikuwa cha mtu, na mtu amekwenda nacho.

MWONGOZAJI: Limebaki swali la mpimaji. Nani aje na dodoso?

AFISA UTUMISHI: Sekretarieti ya Mkoa. Ndiyo yenye jukumu la kuzisimamia na kuzishauri halmashauri.

MUUGUZI: Mkoa ukija tunapaka rangi siku mbili kabla. Nami kujipima mwenyewe sikuamini, nyani haoni kundule. Waje wenzetu. Muuguzi wa Maswa aje Bariadi, wa Bariadi aende Meatu. Anaijua kazi, hadanganyiki na rafu, na hana uwezo wa kunifukuza. Nitamwonyesha hata nilichokificha.

MKULIMA: Mimi sihitaji dodoso. Niwekeeni kiti mlangoni. Kila anayetoka nitamuuliza: umemaliza, au unarudi tena? Jioni nitawapa hesabu.

AFISA UTUMISHI: Mzee, mwingine anarudishwa kwa sababu hakuja na viambatisho.

MKULIMA: Na mimi nitauliza, uliambiwa ulete viambatisho gani, na nani alikuambia, lini? Mtu akirudishwa mara mbili kwa karatasi mbili ambazo zingetajwa siku moja, hapo mwenye kosa ni nani?

MTENDAJI WA KATA: Waje wote watatu, ila warudi. Nimepimwa na miradi mingi. Hakuna mradi hata mmoja ulioniletea majibu ya ulichonipima.

Mwongozaji naye ana upande wake, na si haki kuuficha nyuma ya maswali. Nimesikia hoja ya Afisa kwamba mifumo ni msingi, na sioni sababu ya kuidharau. Namba ya malipo imepunguza mianya ambayo hotuba za miaka mingi hazikuiziba. Nimesikia pia kilio cha Mtendaji. Huduma ya umma inayosafiri kwa bando la mshahara wa mtendaji wa kata ina deni, na deni hilo linapaswa kuwa na kifungu katika bajeti kabla ya mtu yeyote kuchapisha bango la Kaizen. Hata hivyo kisa cha vyeti vya watoto kinamzuia Mtendaji asitumie umaskini wa ofisi kama jibu la kila swali, na kinamzuia Afisa asiseme kwamba bila mfumo mkubwa hakuna kinachosogea.

Tunachokosea ni kuipima ofisi nzima kwa mkupuo. Halmashauri ina masijala iliyonyooka na dirisha la ardhi lililovurugika chini ya paa moja. Alama ya wastani huficha vyote viwili. Ipimwe huduma, tena moja moja: leseni ya biashara, barua ya utambulisho, mkopo wa kikundi, foleni ya wajawazito. Kwa kila huduma yaulizwe maswali manne, na kila jibu liwe na ushahidi wa kushika mkononi. Wateja wa mwezi uliopita walichukua muda gani kwa kweli, na nani aliuhesabu? Ni hatua gani imeondolewa au kubadilishwa kwa pendekezo la mtumishi wa ngazi ya chini? Utaratibu gani ulioachwa na mkuu aliyehama bado unafuatwa? Na kosa la mwisho lililoandikwa na mtumishi mwenyewe lilikuwa lipi, na baada ya kuliandika alifanywa nini?

Uzito mkubwa ningeuweka kwenye swali la nne. Matatu ya mwanzo yanaweza kujibiwa kwa bidii ya wiki kadhaa, na ofisi nyingi zitajifunza kuyajibu vizuri. La nne halina njia ya mkato, na bila hilo majibu ya yale matatu hayaaminiki. Palipo na hofu ya kuandika kosa, muda utahesabiwa vibaya kwa makusudi, hatua isiyo na kazi italindwa na aliyeizoea, na utaratibu wa mkuu aliyehama utasemwa unafuatwa kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana ameuacha. Ofisi ya namna hiyo isipelekwe kwenye mafunzo ya ISO 9001. Itafuzu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana cheti kitaning'inia ukutani juu ya dirisha linalosema njoo kesho.

Dawa ya kuanzia haihitaji mfadhili. Mkurugenzi wa halmashauri, kwa mipaka ya sheria na kanuni za utumishi, aandike waraka wa ndani wenye mambo mawili: kosa la kazi linaloripotiwa na aliyelitenda linajadiliwa na timu kwa lengo la kurekebisha utaratibu, na udanganyifu wa fedha unakwenda kwa mkaguzi wa ndani siku hiyohiyo. Afisa Utumishi ndiye atakayelinda mstari kati ya hayo mawili, na uadilifu wake utaonekana kosa la kwanza litakapoandikwa na mtu asiyependwa. Kisha wapimaji wa halmashauri jirani waje, mzee wa Itilima apewe kiti chake mlangoni, na baada ya miezi sita wote warudi na majibu ya safari ya kwanza.

Je, ofisi za Bariadi ziko tayari? Kwa vigezo vya vifaa na semina, baadhi zimefika mbali kuliko zinavyodhaniwa. Kwa kipimo kilichopendekezwa hapa sitoi jibu kwa niaba yao, kwa kuwa jibu la mtu wa nje ndilo limekuwa likiwaumiza. Lakini halmashauri itakayobandika mlangoni kila mwezi idadi ya watu iliowarudisha nyumbani bila kumaliza shida zao, sababu za kuwarudisha, na kilichobadilishwa kwa ajili hiyo, nitaihesabu kuwa iko tayari hata kama namba zenyewe zinatia aibu.